Ulishaji na Unyimaji: Ruwaza za Usanifu na Mfuatano wa Michakato Tegemezi katika Programu za Kuchanganua Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua tatizo moja la usanifu wa programu za kompyuta ambalo wanaisimu wamelijua kwa muda mrefu kwa jina jingine, yaani tatizo la kupanga mfuatano wa michakato ambayo mmoja humtegemea mwenzake. Wahandisi wa programu hulijadili chini ya kichwa cha ruwaza za usanifu. Wanafonolojia hulijadili chini ya kichwa cha mpangilio wa kanuni. Mijadala hii miwili imekua kila mmoja kwa upande wake, na ni nadra kuona mwandishi wa upande mmoja akinukuu maandishi ya upande wa pili.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba utegemezi kati ya michakato una sura mbili. Katika sura ya kwanza, mchakato mmoja huupa mwingine kitu unachokihitaji. Katika sura ya pili, mchakato mmoja huharibu kitu ambacho mwingine ungekihitaji. Ruwaza nyingi za usanifu huishughulikia sura ya kwanza vizuri na kuiacha ya pili mikononi mwa kumbukumbu ya mtunga programu. Kwa lugha yenye mofolojia tajiri kama Kiswahili, makosa mengi huzaliwa katika sura hiyo ya pili.

Neno kuhusu istilahi. Kwa kuwa kompyuta ndilo jina lililoshika nchini Tanzania, makala haya hayataingia katika mjadala wa ngamizi na tarakilishi. Ruwaza inatumika kwa maana ya umbo la utatuzi linalojirudia, na mchakato kwa maana ya hatua yoyote ya programu inayopokea data na kutoa data.

2.0 Sentensi nne za Songea

Matogoro ni jina la vilima vilivyo mashariki ya mji wa Songea, mkoani Ruvuma, na pia ni jina la kata ya manispaa hiyo. Ni katika vilima hivyo Mto Ruvuma unapoanzia, kabla ya kuzunguka na kuwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Mji wenyewe umepewa jina la Nduna Songea Mbano wa Wangoni, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kwa kushiriki katika Vita vya Maji Maji. Majina haya mawili, Matogoro na Songea, hayampi taabu msomaji yeyote wa Kiswahili. Kwa programu ya kompyuta mambo ni mengine. Zichukuliwe sentensi zifuatazo:

(1) a. Waliondoka Matogoro saa 2 asb. Songea walifika saa 3.
b. Mkutano wa saa 2 asb. Songea umeahirishwa.
c. Songea moto, usipigwe na baridi.
d. Matogoro imepata mvua nyingi.

Katika (1c) Songea si mji. Ni kitenzi -songa katika kauli ya kutendea, kikiwa katika hali ya kuamrisha. Umbo ni lile lile, na hata herufi kubwa ya mwanzo ni ile ile, kwa sababu neno limeanza sentensi. Katika (1b) herufi kubwa haitokani na nafasi ya neno katika sentensi, hivyo ni ushahidi tosha kwamba neno ni jina la mahali. Kwa hiyo herufi kubwa ina thamani pale tu programu inapojua sentensi inaanzia wapi. Kujua sentensi inaanzia wapi hutegemea kujua kama nukta baada ya asb. ni ya kifupisho tu, kama katika (1b), au ni ya kifupisho na mwisho wa sentensi kwa pamoja, kama katika (1a).

Sentensi (1d) ina taabu ya aina nyingine. Programu isiyokuwa na Matogoro katika leksikoni yake italiona neno lenye ma- mwanzoni na kulikisia kuwa nomino ya ngeli ya 6, mfano wa magogo au matope. Ngeli ya 6 hudai kiambishi ya- katika kitenzi, lakini kitenzi kilichopo kina i-, kwa kuwa jina la mahali hapa limechukua upatanisho wa ngeli ya 9. Programu inayotegemea upatanisho ili kutambua kiima itahitimisha kwamba Matogoro si kiima cha imepata, na itaanza kukitafuta kiima kwingine. Kosa lililofanyika katika hatua ya mofolojia limejitokeza katika hatua ya sintaksia, na mtafiti atakayelitafuta katika sintaksia hataliona.

Michakato inayohusika katika sentensi hizi, pamoja na utegemezi wake, inaweza kuorodheshwa hivi:

(2) a. kutambua vifupisho: hautegemei mchakato mwingine
b. kugawa sentensi: hutegemea (a)
c. kutambua majina maalumu: hutegemea (b)
d. kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo: lazima ufuate (c)
e. kuchanganua mofolojia: hutegemea (d)
f. kuondoa utata kwa kutumia upatanisho: hutegemea (c) na (e)

Maneno yaliyotumika katika (2d) yamechaguliwa kwa makusudi. Kugeuza herufi hakuhitaji chochote kutoka kwa utambuzi wa majina. Kungeweza kufanyika kwanza kabisa, na watunga programu wengi hukuweka kwanza kabisa kwa sababu ni rahisi. Sababu pekee ya kukuweka baada ya (c) ni kwamba kukifanyika mapema, herufi kubwa hupotea, na (c) haina tena cha kutazama. Utegemezi huu haufanani na ule wa (2b) kwa (2a).

3.0 Hajui na mjuzi

Wanaisimu walizipa sura hizi mbili majina tangu mwaka 1968. Mwaka huo Noam Chomsky na Morris Halle walichapisha kazi yao kuhusu fonolojia ya Kiingereza, ambamo kanuni hutekelezwa moja baada ya nyingine kwa mpangilio maalumu, na mwaka huo huo Paul Kiparsky akaonyesha kwamba uhusiano kati ya kanuni mbili zinazofuatana unaweza kuwa wa kulisha au wa kunyima. Kanuni hulisha nyingine inapotengeneza mazingira ambamo hiyo nyingine inaweza kutumika. Kanuni humnyima mwenzake inapoyaondoa mazingira hayo. Hapa sura hizo zitaitwa ulishaji na unyimaji.

Kiswahili kinatoa mfano mzuri sana, ambao pengine haukutumiwa vya kutosha madarasani. Vitenzi vingi vinavyoishia kwa irabu mbili vilikuwa na konsonanti l katika mzizi. Konsonanti hiyo haisikiki katika umbo la kawaida lakini hujitokeza katika minyambuliko:

(3) a. -nunua, -nunulia, -nunuliwa, mnunuzi
b. -chukua, -chukulia, -chukuliwa, mchukuzi
c. -pokea, -pokelea, -pokelewa; mapokezi
d. -jua, -julia, -julikana, mjuzi

Nomino zilizo mwishoni mwa kila mstari zina z pale ambapo minyambuliko ina l. Badiliko hili ni tawi la kanuni pana zaidi, ile inayotupa mpishi kutokana na -pika, mjenzi kutokana na -jenga na mfuasi kutokana na -fuata. Kiambishi -i cha kuunda nomino huigeuza konsonanti ya mwisho ya mzizi. Kwa hiyo kuna kanuni mbili. Kanuni A hugeuza l kuwa z mbele ya -i ya kuunda nomino. Kanuni B hudondosha l hiyo mbele ya irabu ya mwisho.

Tuseme mzizi wa ndani ni jul-. Kanuni A ikitangulia, m-jul-i huwa mjuzi, na kanuni B haikuti l ya kudondosha. Kanuni B ikitangulia, m-jul-i huwa *mjui, na kanuni A haina tena cha kugeuza. B imemnyima A. Jambo la kuangaliwa ni kwamba umbo lenye sura ya *mjui linapatikana katika Kiswahili sanifu, lakini kwa maana nyingine kabisa: (ninyi) hamjui. Hapo -i ni ya ukanushi. Haigeuzi konsonanti yoyote, l hudondoka kama kawaida, na hakuna anayesema *hamjuzi wala *hajuzi. Irabu hiyo hiyo kwa sura, ikitumika katika uundaji wa nomino, hutangulia udondoshaji. Ikitumika katika ukanushi, huja baada yake. Hivyo mfuatano haumo katika sauti zenyewe, bali umo katika kazi ambayo kiambishi kinaifanya.

Inafaa kuongeza kwamba si kila l hudondoka. Kitenzi -lala hakijawa *-laa, wala -tawala hakijawa *-tawaa. Kwa sababu hii mwenye kutunga leksikoni ya kompyuta hawezi kuandika l tupu katika jul- na nunul-. Hana budi kuweka alama ya pekee, tuseme L, kuonyesha kwamba hii ni l idondokayo. Alama hii itahitajika tena hapa chini.

4.0 Ruwaza za usanifu

Dhana ya ruwaza za usanifu haikuanzia katika kompyuta. Ilitoka kwa msanifu majengo Christopher Alexander, ambaye pamoja na wenzake alichapisha mwaka 1977 kitabu chenye ruwaza 253 za miji, nyumba na vyumba. Mwaka 1994 Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides walitoa kitabu cha ruwaza 23 za programu, na tangu hapo istilahi hiyo imekuwa mali ya wahandisi. Si ruwaza zote zinazohusu mfuatano. Zinazolihusu somo hili ni chache.

Ya kwanza ni ile inayoweza kuitwa Mabomba na Vichujio. Ni ya zamani kuliko kitabu cha 1994, kwani wazo la kuunganisha programu ndogo kwa mabomba, lililopiganiwa na Doug McIlroy, liliingizwa katika mfumo wa Unix mwaka 1973. Kila kichujio hupokea mkondo wa data, huufanyia kazi moja, na kuupitisha mbele. Programu nyingi za uchanganuzi wa lugha zimejengwa hivi. Uzuri wake ni kwamba kila kichujio kinaweza kuandikwa, kupimwa na kubadilishwa peke yake. Ubaya wake kwa mtazamo wa makala haya ni kwamba kichujio cha tatu kinaona tu kile ambacho kichujio cha pili kimekiachia. Kama cha pili kimetupa herufi kubwa, cha tatu hakiwezi hata kujua kwamba ziliwahi kuwapo. Mabomba ni ruwaza ya ulishaji mtupu, na unyimaji umo ndani yake bila jina.

Ya pili ni Mnyororo wa Wajibu, mojawapo ya zile 23. Ombi hupitishwa kutoka kwa mshughulikiaji mmoja hadi mwingine mpaka apatikane mmoja wa kulitekeleza. Kwa uchanganuzi wa neno, mshughulikiaji wa kwanza anaweza kuwa orodha ya majina, wa pili kichanganuzi cha mofolojia, na wa tatu mkisiaji wa maneno yasiyojulikana. Mfuatano huu una mantiki: mkisiaji akiwekwa mbele atakisia kila kitu, na ya wengine yatakuwa yamekwisha. Hata hivyo ruwaza hii ina dhana iliyojificha, kwamba jibu la kwanza ndilo jibu. Songea likiwamo katika orodha ya majina, halitafika kamwe kwa kichanganuzi cha mofolojia, na sentensi (1c) haitapata uchanganuzi sahihi hata siku moja. Mkosaji hapa ni chaguo la ruwaza. Mfuatano wenyewe ulikuwa wa busara.

Ya tatu ni Mbinu Kiolezo. Mfuatano huandikwa mara moja katika kiunzi cha jumla, na hatua moja moja huachwa zijazwe na kila mtumiaji kwa namna yake. Kwa mkoa kama Ruvuma, ambako pamoja na Kiswahili kuna Kingoni, Kimatengo na Kiyao, ruwaza hii ina mvuto wa pekee: kiunzi kimoja, leksikoni na kanuni mbalimbali. Lakini kiunzi kilichotungwa kwa ajili ya Kiswahili kinabeba historia ya Kiswahili. Tahajia ya Kiswahili ilisanifishwa chini ya kamati iliyoanza kazi mwaka 1930. Matini za lugha nyingi jirani zina tahajia zinazotofautiana kutoka mwandishi hadi mwandishi. Hatua ya kusawazisha tahajia, ambayo Kiswahili hakikuihitaji sana, inapaswa kuingizwa mahali fulani katika kiunzi, na kiunzi kilichofunga mfuatano hakina mahali hapo.

Njia ya nne inastahili kuangaliwa kwa utulivu zaidi. Hapa mtunga programu haandiki mfuatano wowote. Kila mchakato hutaja unachokitegemea, na kompyuta hujitafutia mfuatano. Mwaka 1962 Arthur Kahn alichapisha utaratibu wa kufanya hivyo, na unaweza kuelezwa bila hisabati. Michakato ichorwe kama nukta, na utegemezi kama mishale. Utafutwe mchakato ambao hakuna mshale unaouingia. Huo uandikwe wa kwanza. Mishale yote inayotoka kwake ifutwe. Utafutwe tena usioingiwa na mshale, na kuendelea hivyo mpaka nukta ziishe. Ikitokea kwamba nukta zimebaki na kila moja inaingiwa na mshale, basi kuna mzunguko, na hakuna mfuatano wowote utakaofaa.

Matumizi mashuhuri ya wazo hili ni programu iitwayo Make, iliyotungwa na Stuart Feldman katika maabara za Bell mwaka 1976. Feldman amesimulia kwamba mwenzake alipoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu iliyokuwa sahihi. Faili ilikuwa imekwisha rekebishwa, ila hakukumbuka kuitafsiri upya. Utegemezi ulikuwapo, lakini ulikaa kichwani mwa mtu.

Faida ya njia hii kwa vyuo vyetu ni kubwa. Programu za lugha mara nyingi hutungwa na mwanafunzi mmoja kwa ajili ya tasnifu, naye akihitimu huondoka. Anayezirithi hukuta hatua kumi zikifuatana, na hajui ni zipi zimefuatana kwa lazima na zipi kwa mazoea. Hathubutu kusogeza hata moja. Orodha ya utegemezi kama ile ya (2), ikiandikwa ndani ya programu yenyewe, humwambia.

5.0 Mshale usioandikwa

Hata hivyo utaratibu wa Kahn hujua kile tu ulichoambiwa. Mtu akiulizwa mchakato wake unategemea nini, kwa kawaida hutaja data unayoipokea, yaani hutaja ulishaji. Mtunga kigeuza herufi ataulizwa, naye kwa haki kabisa atajibu kwamba hakitegemei chochote isipokuwa matini. Kompyuta itakiweka mbele, na hakuna kitakachoonekana kuwa kibovu mpaka majina yaanze kupotea. Mtunga kitambua majina naye atasema kwamba anahitaji sentensi zilizogawanywa, bila kukumbuka kutaja kwamba anahitaji sentensi ambazo hazijaguswa na kigeuza herufi. Huenda hata hajui kwamba kigeuza hicho kipo.

Huu ndio upungufu wa msingi. Ulishaji ni habari ya mchakato mmoja na data yake, na kila mtunga programu anaweza kuutaja akiwa peke yake. Unyimaji ni habari ya michakato miwili kwa pamoja, na hakuna hata mmoja wa wahusika aliye na sababu ya kuufahamu. Ndiyo maana mshale wake hauandikwi.

Kuna tiba mbili. Ya kwanza ni kumtaka kila mtunga programu ataje, pamoja na kile anachokihitaji, kile anachokiharibu. Kigeuza herufi kiseme: ninaharibu tofauti ya herufi kubwa na ndogo. Kitambua majina kiseme: ninaihitaji tofauti hiyo. Kompyuta sasa inaweza kuuchora mshale wenyewe. Tiba hii ni halali, ila inadai uaminifu ambao wanadamu huuchoka.

Ya pili huung'oa unyimaji kabisa. Mchakato usiruhusiwe kubadili kile ulichokipokea. Uruhusiwe kuongeza tu. Matini asilia ibaki kama ilivyo, na kila mchakato uweke tabaka lake juu yake: tabaka la mipaka ya sentensi, tabaka la majina, tabaka la maneno kwa herufi ndogo, tabaka la mofolojia. Anayetaka herufi kubwa atazikuta katika tabaka la chini wakati wowote. Ulishaji peke yake ndio unaobaki, na huo utaratibu wa Kahn unautosheleza.

Mwanafonolojia ataitambua tiba hii mara moja, kwa sababu ndiyo iliyoleta mageuzi katika mofolojia ya kompyuta. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alipendekeza mofolojia ya viwango viwili. Badala ya kanuni zinazofuatana, kila moja ikila kile ambacho ya awali imekitapika, kuna umbo la kileksika na umbo la nje, na kanuni zote huyatazama yote mawili kwa wakati mmoja. Kanuni A husema: L ya kileksika huambatana na z ya nje mbele ya -i ya kuunda nomino. Kanuni B husema: L ya kileksika huambatana na kapa mbele ya irabu nyingine za mwisho. Hakuna inayotangulia. B haiwezi kumnyima A, kwa kuwa L haifutwi kamwe katika kiwango cha kileksika. Iko pale pale ikionekana na wote. Mjuzi na hajui hupatikana bila mfuatano wowote.

Isidhaniwe kwamba unafuu huu ni wa bure. Katika maelezo ya awali kanuni B ilihitaji tu kusema "mbele ya irabu ya mwisho", na mpangilio ulifanya kazi iliyobaki. Sasa imelazimika kusema "nyingine", yaani kuitenga waziwazi -i ya kuunda nomino, la sivyo kanuni mbili zitadai mambo mawili juu ya L moja. Gharama imehama kutoka katika mfuatano na kuingia katika masharti ya kanuni na alama za leksikoni. Uchunguzi ulioanzishwa na Douglas Johnson mwaka 1972 na kukamilishwa kwa maandishi na Ronald Kaplan na Martin Kay mwaka 1994 ulionyesha pia kwamba mfuatano wa kanuni za kawaida za fonolojia unaweza kuunganishwa kuwa mashine moja ya hali-komo. Kwa mashine, basi, njia zote mbili zinafika. Tofauti ni kwa mtu anayesoma na kurekebisha kanuni, na kwake yeye sharti lililoandikwa ni afadhali kuliko mfuatano unaopaswa kukumbukwa.

6.0 Kiswahili katika mfumo kamili

Kazi kubwa kuliko zote za aina hii kwa Kiswahili ni ya Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Maelezo ya kichanganuzi chake cha mofolojia, kilichojengwa kwa viwango viwili vya Koskenniemi, yalichapishwa mwaka 1992. Yale ya uondoaji utata yalitolewa katika mkutano wa isimu ya kompyuta wa Copenhagen mwaka 1996. Na mfumo mzima, uitwao SALAMA, ulielezwa mwaka 1999. Haikuwa kazi ya mezani tu. Chuo hicho kilishirikiana na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, ambayo tangu 2009 imo ndani ya TATAKI, katika kukusanya data za lahaja na fasihi simulizi.

Kinachovutia katika mfumo huo ni kwamba kichanganuzi cha mofolojia hakichagui. Neno ya hutolewa likiwa na uwezekano wa ngeli ya 4, ya 6 na ya 9. Neno huu likiwa la 3, la 11 au la 14. Kazi ya kuchagua imeachiwa hatua ya baadaye, kwa kutumia Sarufi Zuizi iliyotangazwa na Fred Karlsson mwaka 1990. Kanuni za sarufi hiyo huondoa uchanganuzi usiofaa kwa kutazama maneno jirani, na kamwe haziruhusiwi kuondoa uchanganuzi wa mwisho uliobaki. Katika kirai maji ya mto huu, ya hubaki na ngeli ya 6 kwa sababu ya maji, na huu hubaki na ya 3 kwa sababu ya mto. Mto wenyewe, uwe wa maji au wa kulalia, ni wa ngeli moja, hivyo upatanisho hausaidii. Utata huo huvuka hadi hatua ya semantiki ukiwa mzima.

Kanuni hii ya kuchelewesha uamuzi ndiyo inayoufungua mzunguko ulioachwa katika sentensi (1a) na (1b). Kuamua kama nukta ya asb. inafunga sentensi kungerahisishwa na kujua kama Songea ni jina. Na kujua kama Songea ni jina kunahitaji kuamua habari ya nukta. Mshale unakwenda na kurudi, na utaratibu wa Kahn unakwama. Hakuna werevu wa kupanga utakaosaidia hapa. Programu hubeba yote mawili: sentensi imeisha, sentensi haijaisha, Songea jina, Songea kitenzi. Kitenzi walifika kinapofikiwa katika (1a), kuna vitenzi viwili vyenye njeo bila kiunganishi, na tafsiri ya sentensi mbili hupata nguvu. Katika (1b), mkutano hauna kitenzi mpaka umeahirishwa, kwa hiyo nukta haiwezi kuwa mwisho. Uamuzi umefanyika mwishoni, na ndipo ulipostahili.

Suala la unyimaji lina uzito wa pekee kwa watafiti wa lahaja. Hatua ya kusawazisha tahajia huwekwa mapema kwa sababu huwarahisishia kazi wote wanaofuata. Lakini data zilizorekodiwa Makunduchi, Pemba au Lamu zilirekodiwa kwa ajili ya zile tofauti ambazo usawazishaji huzifuta. Kama umbo sanifu limeandikwa juu ya umbo la msemaji na faili ya awali haikutunzwa, hakuna hatua yoyote ya baadaye itakayolirudisha, na mara nyingi msemaji mwenyewe hayupo tena wa kuulizwa. Kwa data za namna hii tiba ya matabaka ndiyo sharti la kazi kuitwa ya kitaaluma. Kwa gazeti la kila siku pengine isiwe hivyo, kwani gharama ya hifadhi na ya kutunza matabaka si ndogo.

Inaweza kudaiwa kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa vile mifumo ya sasa ya mitandao ya neva hujifunza yote kwa pamoja, bila hatua. Dai hilo ni kweli kwa sehemu. Mifumo hiyo nayo ina hatua ya kwanza, ile ya kuandaa na kukatakata matini kabla haijaingia katika mtandao, na hatua hiyo huandikwa na watu. Mwaka 2018 kampuni ya Google ilitoa BERT ya lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Toleo la awali liligeuza herufi zote kuwa ndogo na kuondoa alama za lafudhi. Kabla mwaka huo haujaisha lilitolewa toleo linalozihifadhi herufi kubwa, na watumiaji wakashauriwa kutumia hilo. Katika toleo la awali, Songea ya (1b) na Songea ya (1c) huingia katika mtandao zikiwa neno moja lisilo na tofauti yoyote ya maandishi, na mtandao umeachiwa muktadha peke yake.